Sura ya 6: Kifo Kisichotajwa Kwenye Bango la Geti

Ukifika kwenye geti la ghorofa linalojengwa Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, cha kwanza kukupokea ni bango. Limechorwa kofia ngumu, buti, glavu, fulana ya kung'aa na mkanda wa kujifunga ukipanda juu. Nyuma ya bango hilo kuna sheria, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, na nyuma ya sheria kuna watu wengi walioanguka kabla hazijatungwa. Sheria zote mbili zinazungumzia usalama na afya mahali pa kazi. Bango limechukua usalama, afya ikaachwa njiani. Kila kilichochorwa pale kinahusu kitu kinachoanguka, kinachokata au kinachounguza. Fundi anayepita chini yake alfajiri akiwa hajalala siku tatu kwa mawazo anaruhusiwa kuingia, mradi kofia iko kichwani.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, jimbo la Queensland nchini Australia, walitoa ripoti iliyowashtua wakandarasi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi kwa pamoja. Walikuwa wamechambua vifo vya wafanyakazi wa ujenzi wa jimbo hilo, wakakuta wanaojiua ni wengi kuliko ilivyodhaniwa, na vijana wako hatarini zaidi ya vijana wenzao wa kazi nyingine. Hesabu iliyokuja kurudiwa kwenye saiti za nchi hiyo ni hii: uwezekano wa mfanyakazi wa ujenzi kufa kwa kujiua ni kama mara sita ya uwezekano wake wa kufa kwa ajali ya kazini. Baada ya hapo kukawa na swali lisilokwepeka. Sekta nzima imenunua mikanda na nyavu na kuajiri wakaguzi ili kuzuia kifo cha aina moja. Kile kinachochukua watu wengi zaidi, nani amepangiwa kukizuia?

Nchi nyingine zilipochambua vitabu vyao zilikuta sura ileile. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza ilitazama vifo vya mwaka 2011 hadi 2015 nchini England, ikaona kuwa vibarua wa kiume wa ujenzi wana hatari ya kujiua mara 3.7 ya wastani wa wanaume. Kwa wapiga plasta na wapaka rangi ilikuwa zaidi ya mara mbili. Marekani, takwimu za serikali za mwaka 2016 ziliweka kiwango cha wanaume wa ujenzi na uchimbaji kuwa 49.4 kwa kila watu 100,000, wakati cha wanaume wote walio kwenye umri wa kufanya kazi kilikuwa 27.4. Nazitaja nchi hizo kwa sababu zinapoandika kifo huandika pia kazi ya marehemu, kisha mtu huketi na kuhesabu. Lakini mzigo mkubwa hauko kwao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu.

Mtu hajiui kwa sababu moja. Sonona, pombe, deni, kufiwa, ugomvi wa nyumbani, maumivu yasiyoisha: mara nyingi mambo kadhaa hukutana kwa mtu mmoja ndani ya majuma machache. Ninachodai katika sura hii ni kwamba kazi ya ujenzi, jinsi tulivyoipanga, inayakutanisha mambo hayo kwa urahisi wa kutisha. Na kwa kuwa ni sisi tulioipanga hivyo, tunaweza kuipanga vingine.

Tuanze na pesa, maana mafundi wenyewe huanza nayo. Fundi wa saiti hana mshahara, ana siku. Siku ya kumwaga zege ina hela. Siku ya mvua haina. Nondo zikichelewa njiani, siku imekufa. Kazi ikiisha hakuna barua wala notisi, kuna nyapara anayesema wiki ijayo msije mpaka niwapigie. Juu ya nyapara kuna mnyororo mrefu: mwenye mradi hajamlipa mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu hajamlipa mkandarasi mdogo, mkandarasi mdogo hapokei simu. Jumamosi jioni mafundi na saidia fundi wamekaa juu ya matofali wakisubiri. Kila aliye juu kwenye mnyororo ule anaye wa chini yake wa kumwambia asubiri. Wa mwisho hana. Mwenye nyumba anataka kodi, shule inataka ada, na mama lishe amefungua daftari.

Hapo ndipo simu inapoleta msaada wenye meno. Mikopo ya kausha damu haihitaji dhamana, inahitaji uruhusu programu isome majina yaliyomo kwenye simu yako. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo hudai kwa kuwatumia ujumbe watu wa karibu wa mdaiwa: mkwe, mchungaji, jirani, bosi. Kwa mwanamume ambaye kijijini anasifiwa kuwa yuko mjini anajenga maghorofa, ujumbe ule unavunja kitu ambacho fedha haikirudishi. Wengine hujaribu kuziba pengo kwa kubeti, mkeka mmoja wa mwisho, halafu mwingine wa mwisho zaidi. Nasema hivi bila kumcheka mtu. Aliyezama hushika chochote.

Kisha kuna umbali. Anayeinua ghorofa la kumi na mbili katikati ya jiji hupanga chumba kimoja Mbagala au Mukuru pamoja na wenzake wawili, mke na watoto wako Singida au Kitui. Hupiga simu akiwa na hela ya kutuma. Akikosa hela, huacha kupiga simu. Nyumbani ukimya huo hufasiriwa kuwa amepata mwanamke mwingine, na ugomvi unaanza kwa jambo ambalo halipo. Nimesikia mafundi wengi wakisema kuwa simu wanayoiogopa kuliko ya mdai ni ya mtoto anayeuliza baba unakuja lini.

Mwili nao una hesabu yake. Mgongo uliobeba saruji tangu umri wa miaka 18 huanza kudai ukifika 40, na fundi asiye na michango ya pensheni hulilipa deni hilo kwa vidonge vya maumivu na pombe ya jioni. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba vya plastiki Machi 2017, jambo jema kwa vijana wa saiti, kwani kiroba kilikuwa kinaingia mfukoni na kupanda jukwaani. Pombe yenyewe haikuondoka. Watafiti wa kujiua hawabishani sana juu yake: hushusha moyo uliokwisha kushuka, na huondoa ile hofu ndogo iliyobaki ikimlinda mtu.

Yapo pia waliyoyaona. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, na lile la mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013, nchi ilihesabu waliokufa na waliookolewa. Aliyeokolewa huingia kwenye takwimu njema, habari yake ikaishia hapo. Lakini wapo waliochimba kifusi kwa mikono huku wakisikia sauti za wenzao zikipungua, kisha baada ya mwezi wakapanda jukwaa la jengo jingine kwa sababu njaa haisubiri. Mtu wa namna hiyo akishtuka usiku, akiwa mkali kwa watoto, akianza kunywa asubuhi, watu husema amebadilika tabia. Amejeruhiwa, na jeraha lake lina tiba.

Juu ya yote hayo tumempa dawa moja, jikaze. Saiti ni mahali pa wanaume, hata pale wanawake wanapobeba maji na kokoto kwa ujira mdogo kuliko wao, na utani wa saiti ni mkali. Utani huo una kazi yake. Bila utani, siku ya zege haivumiliki. Ubaya wake ni kwamba kijana akisema nimechoka na maisha, watu hucheka, naye hucheka pamoja nao, na ile nafasi imepita.

Sasa turudi Queensland, maana hawakuishia kwenye ripoti. Mwaka 2008 waajiri na vyama vya wafanyakazi, ambao kwa kawaida hukutana wakigombana, walianzisha kwa pamoja mpango unaoitwa MATES in Construction. Aliyeuongoza tangu mwanzo ni Jorgen Gullestrup, fundi bomba aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Jambo hilo naliona kubwa. Mtu wa kwanza kusimama mbele ya mafundi kuzungumza habari ya kujiua alikuwa ameshika spana maishani mwake. Hakuja na koti jeupe.

Walichofanya kinaelezeka kwa dakika mbili. Watu wote wa saiti hukusanywa kwa muda wa kama saa moja, palepale kazini, ndani ya saa zinazolipwa, wanaelezwa dalili na wanaelezwa kuwa jambo hili lipo kati yao. Mwisho wa kikao huulizwa nani angependa kusaidia zaidi. Wanaojitokeza hupewa mafunzo ya saa chache: namna ya kumweka mwenzao salama na kumuunganisha na msaada. Hubandika stika kwenye kofia ngumu ili yeyote aone ni nani wa kumwendea. Wachache zaidi husoma siku mbili, mafunzo ambayo asili yake ni Canada miaka ya 1980, wakajifunza kuzungumza na mtu aliye ukingoni mpaka wafikie makubaliano ya usalama. Nyuma yao kuna simu inayopokelewa saa zote, na watu wa kufuatilia deni, ndoa, pombe na ugonjwa wa aliyeomba msaada, hata baada ya hatari ya usiku ule kupita.

Laki kadhaa za wafanyakazi wamepitia kikao kile cha kwanza, na mpango umevuka bahari hadi New Zealand. Tathmini za mapema za Queensland zilionyesha vifo vikishuka. Watafiti wakawa waangalifu, maana vifo hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na mpaka leo wanaume wa ujenzi wa Australia wanajiua zaidi ya wanaume wa kazi nyingine. Kwa hiyo sitamwambia msomaji kuwa dawa imepatikana. Ninachokiamini ni kidogo na kinatosha kuanzia: mtu anayezama kwenye saiti huonekana kwanza na aliye karibu naye, na aliye karibu naye anaweza kufundishwa la kufanya.

Sisi tunaye mtu ambaye mpango ule haukuwa naye. Mama lishe, au mama ntilie kama wengine wanavyomwita, hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa mkandarasi, wala haalikwi kwenye kikao cha usalama cha asubuhi. Lakini daftari lake la mali kauli ni kumbukumbu ya afya ya saiti nzima. Anajua nani ameanza kuacha sahani nusu. Anajua nani alikuwa akila na kundi na sasa anabeba chai yake kwenda kukaa peke yake nyuma ya rundo la kokoto. Anajua ni nani aliyekuwa na deni la wiki tatu, akaja ghafla akalilipa lote, akasema, "Mama, nisije nikakuachia mzigo." Ningekuwa mkandarasi, mtu wa kwanza kumpeleka kwenye mafunzo angekuwa yeye, na siku hiyo ningenunua sufuria zake zote za wali ili asipoteze biashara.

Dalili nyingine zinataka jicho la fundi mwenzake. Mtu makini anayeanza kuacha kujifunga mkanda akiwa juu. Mtu aliyekuwa na huzuni kwa miezi, ghafla ametulia mno, kana kwamba ameamua jambo. Anayesema nitawapumzisha, au mkinikosa msinitafute. Anayegawa vitu vyake. Kwa fundi, vitu vyake ni zana, na zana za fundi hazigawiwi: mwiko uliolika ukafuata mkono wake, timazi aliyopewa na aliyemfundisha kazi. Mwenye zana hizo akianza kuzigawa, asiachwe aende nyumbani hivihivi.

Wakufunzi wazuri huwaigizisha wanafunzi mazungumzo, na mimi naomba nimweke msomaji kwenye mazungumzo ya kubuni, kwa kuwa ugumu wote uko humo. Fundi uashi ana umri wa miaka 47. Saidia fundi wake ana 23. Ni saa kumi na moja jioni, wanaosha karai na ndoo, na fundi anamkabidhi kijana pimamaji yake.

"Fundi, hii si ndiyo uliyonikataza kuigusa tangu nimekuja? Wewe kesho utatumia nini?"

"Chukua tu. Mimi nimechoka."

"Umechoka kazi, au umechoka kuishi?"

Fundi hajibu. Kijana anaweka ndoo chini.

"Samahani, fundi. Wewe ni mkubwa wangu, ni kama baba, na sina adabu ya kukuuliza hivi. Lakini nitakuuliza wazi. Unafikiria kujiua?"

Wengi wetu tungeishia kabla ya swali hilo la mwisho. Kuna heshima ya umri, na kuna hofu kwamba kulitaja jambo ni kumwonyesha njia mtu ambaye hakuwa na wazo hilo. Hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walipitia tafiti zilizofanywa miaka mingi juu ya swali hilihili, hawakuona ushahidi kwamba kuuliza kunampandikizia mtu fikra za kujiua. Kulikuwa na dalili kwamba kuulizwa kunaweza hata kuzipunguza. Aliyebeba fikra hizo peke yake kwa majuma mara nyingi husema alihisi nafuu pale mtu alipozitaja bila kushtuka. Heshima nayo ina njia yake. Kijana ameomba radhi kwanza, ametaja ukubwa wa fundi, kisha ameuliza. Mila haikuvunjwa.

Tuseme fundi anajibu, "Nimefikiria." Kijana hana haja ya kuwa na hekima. Aseme asante kwa kuniambia, leo sikuachi peke yako. Aketi. Asikilize zaidi ya anavyosema. Asimwambie fikiria watoto, kwa kuwa fundi amewafikiria usiku kucha na ameshajiaminisha kuwa bila yeye watapumzika. Asimwambie ni dhambi. Yawezekana shehe au padri wake ana maneno mazuri ya kumpa, na yaje kwa wakati wake, lakini mtu aliye ukingoni akihukumiwa hufunga mdomo. Amuulize kama ameshapanga lini na vipi, na kama kuna kitu karibu yake ambacho angekitumia, ili kiondolewe. Amuulize nani anamwamini, amtafute mtu huyo. Asikubali kuapishwa siri. Ahadi ya siri katika hali hii ni ahadi ya kumzika.

Halafu waende pamoja hospitalini. Neno pamoja nimeliweka makusudi, kwa sababu fundi anayeambiwa nenda kesho kamwone daktari hatakwenda: kesho ni siku ya kazi na siku ya kazi ni hela. Kwa Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia; Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa kwa magonjwa hayo, ingawa jina lake limetumika kama tusi kiasi kwamba watu huona aibu kulitaja. Kenya kuna hospitali ya Mathari, kuna simu ya bure 1199 ya Msalaba Mwekundu, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Madaktari bingwa ni wachache na wako mbali na saiti nyingi. Ndiyo maana napenda kazi iliyofanywa Zimbabwe na daktari wa akili Dixon Chibanda: tangu mwaka 2006 amewafundisha kina bibi wa mitaa ya Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kupanga tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la kitafiti lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha watu 573, lilionyesha waliokaa na kina bibi wana dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika Malawi, limefika Zanzibar. Benchi la namna hiyo karibu na saiti halihitaji ruhusa ya mtu mkubwa.

Liko jambo moja ambalo kijana wetu hana uwezo nalo, na hapa nazungumza na wabunge. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo tuliirithi kwa mkoloni. Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo kwa watu wake mwezi Agosti 1961. Miezi minne baadaye, Desemba 9, Tanganyika ikapata uhuru, ikabaki na kifungu ambacho waliokileta walikuwa wameshakitupa kwao. Sijui mantiki ya kumtisha kwa kifungo mtu ambaye kifo hakimtishi. Ninachokiona ni madhara yake: aliyenusurika anaficha, familia inasema alikula kitu kibaya, daktari anatibu tumbo, na mtu anarudishwa kwenye chumba kilekile akiwa na kilekile kilichomfikisha pale. Fundi anayefikiria kusema ukweli anaiona mbele yake fomu ya PF3 na kituo cha polisi.

Kenya imeonyesha kuwa inawezekana. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichokuwa kikimtisha aliyejaribu kujiua kwa kifungo cha hadi miaka miwili, kinapingana na Katiba. Kati ya waliofungua shauri walikuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa akili. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023 kupitia bunge lake. Bunge la Dodoma halihitaji kungoja mahakama.

Wakati sheria inangojewa, saiti ina mambo yake ya kufanya, na mengine yanafika baada ya msiba. Ikitokea mwenzao amejiua, msimamizi asipitishe siku kana kwamba hakuna kitu. Awakusanye watu, aseme ukweli kwa maneno machache, bila kueleza namna ilivyotokea na bila kumpamba marehemu wala kumlaani. Picha zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kifo cha aina hii kikisimuliwa kwa undani kinaweza kumvuta mwingine aliyekuwa anayumba. Aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, aliyegombana naye juzi, aliyemwona wa kwanza: hao wapewe mtu wa kukaa nao majuma ya mbele. Watu waruhusiwe kwenda kuzika bila kukatwa siku. Hela aliyokuwa anadai ipelekwe kwa mjane, ikiambatana na michango ya wenzake, isigeuke hadithi ya njoo wiki ijayo.

Na yupo anayerudi. Huyu tunamsahau, kwa sababu hadithi zetu zinajua mtu aliyekufa na mtu aliyepona, hazimjui aliye katikati, ambaye ana kadi ya kliniki mfukoni na dawa zinazomfanya apige miayo saa nne asubuhi. Nyapara wake akimwona ana miayo anaweza kumwona mvivu, au akamwona mzigo akamwambia apumzike kwanza mpaka aitwe. Kumwambia hivyo ni kumrudisha kwenye hali iliyomwangusha. Majuma ya mwanzo apewe kazi ya chini, kusuka nondo, kukagua vifaa, kuhesabu saruji, mbali na jukwaa na pamoja na mtu anayempenda. Siku ya kliniki ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Wenzake wasimzunguke kwa minong'ono na wasimbembeleze kama yai. Wamtanie kidogo kama zamani, yule kijana amrudishie pimamaji yake, na Jumamosi alipwe hela yake yote.